Trauti wa bahari: samaki wa mto anayeuzwa kwa bei ya bahari

Trauti wa mabwawa ya mlimani, kama wale wanaofugwa kwa maji yanayoshuka kutoka Aberdare na Mlima Kenya, huuzwa akiwa na gramu 250 hadi 350. Samaki mmoja, sahani moja. Nyama yake ni nyeupe au ya waridi hafifu, na mafuta yake ni machache. Trauti wa bahari anayetolewa kwenye vizimba vya Tasmania, kisiwa cha kusini mwa Australia, au Norwei hufika kilo 3 hadi 4. Mnofu wake ni mwekundu unaoelekea rangi ya chungwa, umepitiwa na mistari myembamba ya mafuta, na mpishi wa mkahawa wa bei kali anaupima kwa gramu. Ukiwaweka juu ya meza moja, mtu ataapa kwamba hao ni samaki wawili tofauti. Ni mmoja: trauti wa upinde wa mvua, Oncorhynchus mykiss.

Asili yake ni mito inayomwaga maji Pasifiki, upande wa Amerika Kaskazini na upande wa Kamchatka, mashariki ya mbali ya Urusi. Huko kwao wengine hubaki mtoni maisha yao yote, na wengine hushuka baharini, wakanenepa kwa dagaa na kamba, kisha wakarudi mtoni kuzaa wakiwa wakubwa na weupe kama fedha. Kenya ilipokea trauti wa kwanza mwaka 1905, wa aina ya kahawia, kwa ajili ya walowezi waliopenda kuvua kwa ndoana; wa upinde walifuata baadaye, na kituo cha Kiganjo karibu na Nyeri hutotolesha vifaranga vyao. Wanorwei ndio walioanza kuwahamishia baharini kwa biashara, miaka ya 1950. Kwa hiyo anayelipia trauti wa bahari halipii aina adimu ya samaki. Analipia maji aliyokulia, chakula cha miezi yake ya mwisho, na namna alivyouawa. Kosa moja kati ya hayo matatu linamrudisha kuwa samaki wa kawaida.

Kabla ya kuendelea, neno moja. Kwa Kiswahili maji yasiyo na chumvi tunayaita maji baridi, hata yakiwa ya uvuguvugu. Humu tutayaita maji matamu, kwa sababu ubaridi wenyewe ni nusu ya habari ya samaki huyu.

Trauti hula vizuri kwenye nyuzi 12 hadi 16 za Selsiasi. Zikipita 20 anaacha kula, na zikiendelea kupanda anakufa. Tatizo si joto peke yake. Maji yakipata moto hushika oksijeni kidogo zaidi, na chumvi hupunguza tena. Maji matamu ya nyuzi 10 yanaweza kushika miligramu 11.3 za oksijeni kwa lita. Bahari ya nyuzi 20 inashika kama 7.4. Bahari ya Mombasa ikiwa nyuzi 28, hata ikijaa oksijeni yote inayoweza kuibeba, haizidi 6.4 hivi, na mfugaji wa trauti huanza kuhangaika kipimo kinaposhuka chini ya 7. Kwa hiyo wazo la vizimba vya trauti kwenye mwambao wetu halina mahali pa kusimama, hata mtaji ukiwepo. Afrika ilipofanikiwa kutoa trauti wakubwa wa kuuza nje ni milimani, kwenye bwawa la Katse huko Lesotho, na wale ni wa maji matamu.

Mahali pafaapo kujifunzia ni Macquarie Harbour, ghuba kubwa ya magharibi mwa Tasmania karibu na mji mdogo wa Strahan. Hapo ndipo kampuni ya Petuna, iliyoanzishwa na Peter na Una Rockliff na kupewa jina lililoungwa kutoka majina yao, ilipomkuza trauti aliyepata sifa duniani kupitia mkahawa wa mpishi Tetsuya Wakuda mjini Sydney. Mito ya Gordon na King humwaga humo maji matamu yenye rangi ya chai ya rangi, rangi inayotokana na mimea ya misitu na vinamasi inakopita. Maji hayo ni mepesi kuliko ya bahari, basi huelea juu. Bahari huingia kwa chini kupitia mlango mwembamba, usio na kina kirefu, uitwao Hells Gates. Matokeo yake ni ghuba yenye matabaka: juu matamu, katikati ya chumvi kidogo, chini bahari kamili.

Kwa trauti mpangilio huo ni neema, na sababu iko kwenye damu yake. Damu ya samaki huyu ina chumvi karibu gramu 9 au 10 kwa lita. Akiwa mtoni maji humwingia bila kukoma, kwa hiyo figo zake hufanya kazi mchana na usiku kuyatoa. Akiwa katika bahari kamili, yenye gramu 35 kwa lita, mambo hugeuka: maji humtoka, inambidi ainywe bahari na kuitema chumvi kupitia matamvua. Kazi zote mbili hula nguvu. Kwenye tabaka la katikati, ambako chumvi ya nje inakaribia chumvi ya ndani, nguvu hiyo hubaki na kugeuka nyama na mafuta. Tena kizimba kikiwa kirefu kwenda chini, samaki hupanda na kushuka kutafuta maji yanayomfaa.

Kuna faida nyingine. Kwingineko Tasmania samoni huugua matamvua kwa sababu ya amiba wa baharini, na dawa iliyopo ni kumwogesha samaki kwenye maji matamu kwa saa mbili au tatu, kisha kurudia kila ugonjwa unaporejea. Kila bafu ni meli, pampu, wafanyakazi na samaki waliovurugwa. Ndani ya Macquarie Harbour tabaka la juu hufanya kazi hiyo bure.

Ila matabaka hayohayo yana gharama, na si haki kuisifia ladha bila kuisema. Maji ya chini hayachanganyiki na hewa. Oksijeni yake hutegemea kile kinachopenya Hells Gates, na huliwa na mabaki ya mimea ya mitoni, na tangu vizimba vilipoongezeka, na kinyesi na chakula kilichozama. Upanuzi mkubwa uliruhusiwa mwaka 2012. Hali ya chini iliharibika, na kiwango cha samaki walioruhusiwa kuwemo majini kikapunguzwa hadi tani 12,000 mwaka 2017, kisha tani 9,500 mwaka 2018. Anayeumia zaidi ni taa wa Maugean, samaki bapa wa jamii ya taa anayejulikana kuishi kwenye ghuba hiyo na nyingine moja tu ya Tasmania, na anayeweza kutoweka. Mwaka 2025 bunge la Australia lilipitisha sheria ya kulinda ufugaji wa ghubani humo, na mabishano hayajaisha. Sisi tunaona mnunuzi anayelipa bei ya juu ana kila haki ya kuuliza samaki wake ametoka ghuba ipi, na muuzaji asiyejua jibu hastahili bei hiyo.

Kutoka yai hadi baharini

Mayai ya trauti yana upana wa milimita 4 hadi 6. Hukaa kwenye maji safi yanayotembea, na hutotolewa baada ya siku kama 31 maji yakiwa nyuzi 10. Uamuzi unaoamua ubora wa mnofu miaka miwili baadaye hufanywa hapa: kama samaki ataachwa apevuke au la. Trauti anayepevuka ni hasara tupu kwa mchinjaji. Ngozi inageuka nyeusi, mafuta yanahamia kwenye mayai au shahawa, rangi ya mnofu inahamia kwenye ngozi na mayai, na nyama inabaki laini yenye majimaji. Madume huanza mapema, mengine yakiwa hayajafikisha hata kilo moja.

Ndiyo maana wafugaji wengi hutaka majike matupu. Njia yenyewe ni hii: vifaranga vya kike hulishwa homoni ya kiume wakiwa wadogo sana, wakakua na kutoa shahawa ingawa kwa urithi ni majike. Shahawa hizo zikirutubisha mayai, wote wanaozaliwa ni majike, na hao wanaouzwa hawajawahi kupewa homoni yoyote. Hatua ya pili, kwa anayetaka, ni kuwafanya tasa. Mayai hubanwa kwa shinikizo kubwa sana kwa dakika chache, muda mfupi baada ya kurutubishwa, ili yabaki na seti tatu za kromosomu badala ya mbili. Samaki wa seti tatu hapotezi mnofu kwa uzazi. Lakini ni dhaifu panapokuwa na joto au oksijeni chache, na anahitaji fosforasi zaidi kwenye chakula. Akikosa, taya na uti wa mgongo hupinda. Mfugaji anayewalisha tasa kama anavyowalisha wengine ataona vilema akadhani ni mbegu mbaya, kumbe ni hesabu ya chakula.

Kumpeleka baharini ndipo wengi hupoteza mali. Samoni wa Atlantiki ana mabadiliko ya wazi ya mwili yanayomwambia mfugaji kwamba yuko tayari. Trauti wa upinde hana ishara kali namna hiyo. Kwake cha kuangalia zaidi ni ukubwa. Chini ya gramu 50 hivi ataumia, juu ya gramu 100 ana nafuu kubwa. Wanaopelekwa mapema hawafi wote, na hapo ndipo penye mtego. Baadhi hubaki hai, wanakula kidogo, kichwa kikubwa mwili mwembamba, hawakui, na wanakuwa mlango wa magonjwa ndani ya kizimba kizima. Kipimo kizuri ni kuchukua samaki ishirini hivi, kuwaweka kwenye maji ya bahari kamili kwa saa 24, kisha kupima kloridi kwenye damu. Ikiwa imebaki karibu na milimoli 150 kwa lita, matamvua yanaitoa chumvi vizuri. Ikipita sana hapo, subiri wiki kadhaa ukapime tena. Chanjo nazo hutolewa kabla ya safari, mapema kiasi cha mwili kujenga kinga, kwani kumchoma sindano na kumhamisha kwa pamoja ni kumpa mizigo miwili siku moja.

Vizimba vyenyewe ni duara za mabomba ya plastiki ngumu, mzingo wa mita 120 hadi 168, na nyavu zinazoshuka mita 15 au zaidi. Norwei inaruhusu si zaidi ya kilo 25 za samaki kwa mita moja ya ujazo, na si zaidi ya samaki 200,000 kwa kizimba. Huko adui mkuu ni chawa wa baharini, na sheria inataka wastani wa chawa jike wazima usizidi 0.5 kwa samaki kwa sehemu kubwa ya mwaka. Kila tiba ya chawa inamkwaruza samaki na kumkosesha chakula kwa siku kadhaa, na mnofu hulikumbuka hilo.

Rangi na mafuta

Chakula huchukua karibu nusu ya gharama yote. Ni pelleti kavu zenye protini kama asilimia 40 na mafuta asilimia 25 hadi 30. Kwa usimamizi mzuri kilo 1.2 hivi za chakula hutoa kilo moja ya samaki. Kamera za chini ya maji huonyesha pelleti zinapoanza kuzama bila kuliwa, na hapo mashine husimamishwa. Kila pelleti inayopita ni fedha na ni taka ya sakafu ya ghuba.

Wekundu hutokana na astaksantini, rangi ileile inayowafanya kamba wawe wekundu wakipikwa. Samaki hawezi kuitengeneza mwenyewe. Porini huipata kwa kula kamba wadogo; kizimbani huwekwa kwenye chakula, miligramu 40 hadi 80 kwa kilo, ikiwa imetengenezwa kiwandani au imetoka kwenye aina ya hamira. Sehemu ndogo tu ya anachokula ndiyo hubaki kwenye mnofu. Trauti huishika rangi hiyo vizuri kuliko samoni wa Atlantiki, ndiyo maana kwa chakula kilekile yeye hutoka mwekundu zaidi. Wanunuzi hulinganisha na kadi ya rangi yenye namba 20 hadi 34. Sisi hatuwalaumu wanaoipenda rangi, lakini rangi haisemi lolote juu ya upya wa samaki. Mnofu uliokaa siku kumi na mbili unaweza kuwa mwekundu kuliko wa juzi.

Saa ya kuchinja

Hapa ndipo thamani hulindwa au humwagika, na ni kazi ya saa chache tu. Samaki huachwa bila chakula kwa siku kadhaa ili utumbo uwe mtupu. Kisha wavu huinuliwa polepole. Wakibanwa sana wakapigana, misuli hutumia akiba yake yote na kujaa asidi. Samaki wa namna hiyo hukakamaa ndani ya saa moja au mbili, hukakamaa kwa nguvu, na nguvu hiyo huchana tando zinazoshikilia tabaka za nyama. Utaona mnofu umeachama kama kitabu kilichofunguliwa, na hakuna kisu wala barafu itakayoufunga. Aliyeuawa akiwa mtulivu hukawia kukakamaa saa nyingi, na mnofu wake hubaki umeshikana.

Anapigwa pigo moja la mashine kichwani, azimie papo hapo. Matamvua hukatwa mara moja, moyo ukiwa bado unasukuma, na damu huachwa itoke kwenye maji yenye barafu. Damu iliyobaki huleta madoa meusi na shombo siku ya tatu au ya nne. Halafu baridi: katikati ya mwili ishuke chini ya nyuzi 4 haraka iwezekanavyo. Vimwiba vya katikati ya mnofu vina ugumu wao. Ukivivuta samaki akiwa mbichi kabisa vinang'oka na nyama. Viwanda vingi husubiri ukakamavu uishe, siku tatu hivi, ndipo vivutwe. Mnofu usio na mwiba hata mmoja ambao muuzaji anadai umetoka majini leo asubuhi, muulize ameutoaje.

Kununua na kupika

Lebo hubadilika kwa nchi. Australia ni ocean trout, Marekani ni steelhead, Oslo ni ørret, Helsinki ni kirjolohi. Ujerumani wanaandika Lachsforelle, na huyo anaweza kuwa amekuzwa kwenye maji matamu, basi angalia jina la kisayansi na mahali alipofugwa. Uingereza, sea trout ni samaki mwingine, Salmo trutta.

Kwa samaki mzima, tazama matamvua mekundu yasiyo na ute mzito, jicho lililojaa, na harufu ya mwani. Mbonyeze mgongoni: alama ya kidole irudi. Kwa mnofu, tafuta ulioshikana, bila mianya, bila maji yaliyotuama kwenye sahani.

Kosa la kwanza la jikoni ni moto mwingi. Ukimtupa kwenye karai la mafuta ya moto kama changu, mafuta yake yote ya ndani yatatoka na atabaki mkavu. Anza kwa kuloweka vipande kwenye maji yenye gramu 50 za chumvi kwa lita, dakika 15, kisha vikaushe vizuri kwa kitambaa. Hatua hiyo huzuia ule ute mweupe unaotoka kwenye samaki, ambao ni protini inayokamuliwa joto likizidi. Kwenye kikaango, weka upande wa ngozi, moto wa wastani, kandamiza sekunde kumi isijikunje, na mwache hapo karibu muda wote. Upande wa pili ni nusu dakika tu. Kwa mtindo wa Tetsuya Wakuda, mnofu huzamishwa kwenye mafuta ya uvuguvugu, nyuzi 45 hadi 50, mpaka uwe laini bila kubadilika rangi. Joto hilo haliui vijidudu, kwa hiyo si la wajawazito, wazee wala wagonjwa, na samaki awe mpya kwelikweli. Wajawazito, wazee na wagonjwa wapikiwe mpaka katikati ya mnofu ifike nyuzi 63.

Anakwenda vizuri na nazi, kwa sharti moja. Tumia tui la pili, si la kwanza, maana mafuta ya nazi juu ya mafuta yake yanakinaisha. Mchuzi uive wenyewe kwanza na kitunguu, bizari kidogo na ndimu, uondoe kwenye moto mkali, ndipo utie vipande vya samaki, ufunike, dakika tano au sita bila kuchemka.

Anayetaka wa chumvi bila moto achukue mnofu wa kilo moja wenye ngozi, gramu 60 za chumvi na 50 za sukari, aupakae pande zote, aukandamize kwenye friji saa 24 hadi 36, ausuuze na kuukausha. Trauti wa kizimbani aliyelishwa pelleti ana hatari ndogo sana ya minyoo, lakini kama hujui alikotoka, mgandishe kwanza kwa nyuzi 20 chini ya sifuri, siku saba.

Na mayai. Tasa hawana, hivyo yanayouzwa hutoka kwa majike ya kawaida yaliyoachwa yapevuke kwa makusudi. Muda wa kuyatoa ni mfupi. Ukiwahi sana, yanapasuka na kutoa maziwamaziwa. Ukichelewa, ganda linakuwa gumu kama mpira. Utando unaoyashikilia mayai pamoja hutiwa nayo kwenye maji ya nyuzi 40 yenye asilimia 3 ya chumvi, ukasuguliwa taratibu juu ya wavu mpaka mayai yaachane. Usishtuke yakigeuka meupe ukiyagusisha maji matamu, chumvi itayarudishia uangavu. Maganda yaliyopasuka huelea, yaenguliwe. Chuja, tia chumvi gramu 25 hadi 30 kwa kilo, weka kwenye baridi ya karibu na sifuri usiku mmoja. Yaliyotolewa kwa wakati wake hupasuka kati ya ulimi na kaakaa, jino halihitajiki.